Gego la utoto limetoboka: lipakwe dawa, lizibwe, livishwe kofia au ling'olewe?

Kaa kwenye benchi la kliniki ya meno asubuhi yoyote, iwe Dar, Mombasa au Mwanza, utasikia ombi lilelile likitoka kwa mama huyu na baba yule: "Daktari, ling'oe tu. Si la utoto hilo? Litaota jingine." Ni kweli litaota. Wasichouliza ni litaota lini, na kama siku hiyo litakuta nafasi yake bado ipo.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa meno ya mbele, hoja ya "litaota jingine" ina uzito wake. Kwa magego, mara nyingi haina. Kwa hiyo kabla hujalinganisha tiba na bei zake, jibu kwanza maswali matatu: ni jino gani, mtoto ana miaka mingapi, na linauma namna gani.

Jino gani, umri gani

Mtoto ana meno 20 ya utoto: manane ya mbele, chonge nne na magego manane. Yale ya mbele hudondoka kati ya miaka 6 na 8, ndiyo yale yanayorushwa juu ya paa huku mtoto akiimba aletewe jipya. Magego hayana haraka hiyo. Hukaa hadi miaka 9, 10, hata 12. Gego likitoboka mtoto akiwa na miaka 4, bado lina kazi ya miaka mitano au zaidi: kutafuna, na kulinda nafasi.

Hilo la kulinda nafasi ndilo wengi hawalijui. Mtoto akikaribia miaka 6, nyuma kabisa ya magego ya utoto huota gego kubwa la ukubwani. Halikung'oa jino lolote ili litoke, hivyo wazazi hulidhani nalo ni la utoto na kulichukulia hivyohivyo. Gego hilo likikuta mbele yake pengo, husogea mbele kidogo kidogo. Miaka mitano baadaye jino lililokuwa lichukue pengo lile linakuta mlango umefungwa. Litakwama ndani ya taya au litatokea pembeni, na hapo ndipo familia inapoanza kuulizia bei ya waya za kunyoosha meno. Bei hiyo mzazi aliyeizoea bei ya kung'oa hataifurahia.

Upande wa pili, kuliacha gego lioze tu si kulihifadhi. Jino la ukubwani hujengwa chini ya gego la utoto, katikati ya mizizi yake. Usaha ukikaa hapo muda mrefu unaweza kuharibu jino linalojengwa, likatoka na mabaka au na tabaka la juu lililo bovu tangu siku ya kwanza.

Linauma namna gani

Msikilize mtoto kwa makini. Maumivu yanayokuja akila pipi au akinywa maji baridi, kisha yakaisha mara moja, maana yake kiini cha jino, ile nyama laini ya ndani yenye mishipa, bado kiko hai na karibu tiba zote zinawezekana. Maumivu yanayojianzisha yenyewe, yanayomwamsha usiku, au kijipu kidogo kwenye ufizi juu ya jino, maana yake kiini kimeshaathirika au kimekufa. Hapo kupaka dawa au kuziba juu juu ni kufungia ugonjwa ndani.

Kuna hali moja ya kujihadhari nayo zaidi: maumivu yaliyokoma yenyewe. Jino lililolia wiki nzima likanyamaza ghafla, mara nyingi limekufa, halijapona. Wazazi hushukuru na kuahirisha safari ya kliniki, na miezi michache baadaye shavu linavimba.

Kuliacha kwa kuliangalia

Kuna wakati hili ni chaguo halali. Mtoto wa miaka 11 ana gego linalocheza, limetoboka lakini haliumi: liache lidondoke. Kadhalika doa jeusi gumu linalong'aa, ambalo daktari akiligusa na chombo chake halibonyei. Uozo huo umesimama.

Pia tusichanganye uozo na madoa ya floraidi. Familia za Arusha, Kilimanjaro na Nakuru zinayajua meno ya kahawia kutokana na maji. Shirika la Afya Duniani huelekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na katika Bonde la Ufa visima vingi huzidi hapo kwa mbali. Ndiyo maana kituo cha Ngurdoto huko Arusha kimekuwa kikichuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Jino la namna hiyo, ikiwa halijatoboka, lina rangi mbaya lakini si bovu. Usikubali ling'olewe kwa sababu ya rangi.

Kupaka dawa ya fedha

Dawa hii huitwa silva diamini floraidi, kwa kifupi SDF. Daktari anakausha jino, anachovya brashi ndogo, anapaka kwa dakika moja hivi, basi. Hakuna sindano wala mashine. Madini ya fedha huua vijidudu, floraidi hukaza sehemu iliyolainika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi.

Uzuri wake uko wazi kwa mtoto wa miaka 2 au 3 asiyekubali kufungua kinywa zaidi ya nusu dakika, na kwa mwenye meno mengi yaliyotoboka kwa mpigo. Ubaya wake nao uko wazi, maana sehemu iliyooza inageuka nyeusi ti na haitakwatuka. Kwenye gego la nyuma nani ataona? Kwenye meno ya mbele, bibi ataona, jirani ataona, na mama ataulizwa kila harusi. Mwambie daktari akuonyeshe picha kabla hujakubali, na uwaeleze nyumbani mapema ili shangazi asije akakimbizia mtoto hospitali nyingine.

Jambo jingine, SDF husimamisha uozo, haijazi shimo. Wali na nyama vitaendelea kunasa humo, kwa hiyo kazi ya mswaki inaongezeka. Na haipakwi mara moja ikatosha. Kwa kawaida hurudiwa kila baada ya miezi sita.

Kuziba bila mashine

Hapa Tanzania ina haki ya kujidai. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, ndipo ilipoanza mbinu ambayo leo dunia nzima inaiita ART (kwa Kiingereza Atraumatic Restorative Treatment, yaani kuziba jino bila kuliumiza), ikiongozwa na Jo Frencken, mtaalamu kutoka Uholanzi. Chanzo chake kilikuwa shida: mashine ya kutobolea inataka umeme na maji, na vijijini vyote viwili havikuwepo. Wakatumia vyombo vya mkono tu, wakakwangua sehemu laini iliyooza, wakajaza. Siku hizi kinachojazwa ni glasi ayonoma, saruji nyeupe inayoshikamana na jino yenyewe na kuachia floraidi kidogo kidogo.

Kwa mtoto, tofauti ni kubwa. Ule mlio wa mashine, unaowafanya hata baba zao wakaze mikono ya kiti, haupo. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, kwa kuwa kinachokwanguliwa ni sehemu iliyokwisha kufa. Vituo vya afya vya wilayani vyenye tabibu wa meno huweza kuifanya bila vifaa vya gharama.

Lakini uliza hili kabla ya kulipa: shimo liko juu, mahali pa kutafunia, au liko ubavuni, gego linapogusana na gego? La juu likizibwa hivi hudumu vizuri, mara nyingi hadi jino lidondoke. La ubavuni ni shughuli nyingine. Kiziba chake huvunjika au huchomoka mara nyingi zaidi, na mzazi hurudi akilalamika kwamba alifanyiwa kazi mbovu, kumbe tiba ndiyo haikulingana na shimo. Kuziba kwa mashine na ganzi nako hakuondoi tatizo hilo kabisa kwenye magego ya utoto, maana kuta zake ni nyembamba.

Kuvisha kofia ya chuma

Kwa shimo la ubavuni, kama kiini kiko hai, hili ndilo ningelitafuta kwanza. Ni kofia ya chuma isiyoshika kutu, iliyotengenezwa tayari kwa saizi mbalimbali. Kwa njia iliyoanzishwa na Norna Hall, daktari wa meno wa Uskoti, gego halichongwi wala halichomwi ganzi. Siku chache kabla, vijiraba vidogo hupachikwa kati ya magego ili kupatikane nafasi. Siku yenyewe daktari anachagua kofia, anaijaza saruji, anaiweka juu ya gego, na mtoto mwenyewe anaing'ata kwa nguvu ikae. Uozo unafungiwa ndani, unakosa chakula, unasimama.

Usiku wa kwanza mtoto atalalamika kwamba meno "hayakutani". Ni kweli, kofia imeliinua gego kidogo. Ndani ya wiki chache meno hujipanga upya yenyewe. Kofia hudondoka pamoja na jino siku yake ikifika.

Vikwazo ni viwili. Kwanza rangi, kwa sababu inang'aa kama kijiko. Watoto wengi huipenda, wakubwa ndio hununa. Pili, upatikanaji. Si kila kliniki ina kofia za watoto, na nje ya miji mikubwa huenda ukaambiwa hazipo au usisikie zikitajwa kabisa. Uliza wewe. Kama kiini kimeshaguswa lakini mizizi bado ni mizima, daktari huweza kuondoa sehemu ya juu ya kiini, kuweka dawa, kisha kofia juu yake. Hiyo inataka ganzi na mtoto anayetulia, na bei yake inapanda.

Kung'oa

Sasa tumefika kwa kipenzi cha benchi. Kung'oa ni sahihi pale jino limebaki vipande, mizizi imejaa usaha, uvimbe umejirudia, au jino la ukubwani limeshaanza kuchungulia pembeni. Ni sahihi pia kwa meno ya mbele yaliyokwisha kabisa, kama ilivyo kwa watoto waliozoea kulala na chupa ya maziwa au juisi mdomoni. Hao huoza meno ya mbele ya juu kwanza, wakati mwingine hata kabla ya miaka 3. Mapengo ya mbele hayaharibu sana mpangilio wa meno yajayo.

Likiwa ni gego la nyuma na mtoto hajafika miaka 8 au 9, usitoke kliniki bila kuuliza kuhusu kishika nafasi. Ni pete inayovishwa jino la jirani, ikiwa na kijiwaya kinachozuia pengo lisizibwe. Hicho nacho kina bei, kinasafishwa, na kinakaguliwa. Ukikijumlisha na bei ya kung'oa, utakuta ule unafuu uliokuleta kwenye kiti umepungua sana.

Siku ya kung'oa, kitu cha kulinda ni mdomo zaidi ya kidonda. Ganzi inabaki saa mbili tatu, mtoto anahisi mdomo kama si wake, anautafuna kwa kucheza. Kesho yake umevimba, una kidonda cheupe, na mama anaamini ni maambukizi. Basi mkalie karibu mpaka ganzi iishe, na asile kabla ya hapo. Pamba ing'atwe nusu saa hivi, asisukutue siku hiyo, na jioni uji wa vuguvugu unatosha.

Aina moja ya kung'oa haimo kwenye ulinganisho huu kabisa, nayo ni ile ya "meno ya plastiki". Imani hii imezungumzwa sana Tanzania tangu miaka ya 1980, nayo ina ndugu zake Uganda na Kenya: mtoto mchanga anaharisha na kupata homa, fizi zinakunjuliwa, vichipukizi vyeupe vya chonge vinaonekana, na mganga anavichokoa kwa kisu au sindano. Yale ni meno ya kawaida yanayojiandaa kuota. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi ya ORS na zahanati, si kuchokolewa fizi. Watoto wamepoteza damu, wamepata maambukizi, na waliosalimika wengine huota chonge zilizopinda au wasiote kabisa.

Na dawa za duka la dawa?

Wengi huanzia hapo, kwa sababu duka liko mtaani na kliniki ni nauli. Antibayotiki, mara nyingi amoksilini, haitibu jino lililotoboka. Shimo bado lipo na kiini kilichokufa bado kipo. Inaweza kutuliza uvimbe kwa muda, halafu ukarudi. Parasetamo kwa kipimo cha uzito wa mtoto ni sawa kumvusha usiku mmoja. Aspirini usimpe mtoto, wala usiisage ukaiweka kwenye jino, kwani inaunguza ufizi. Karafuu inatuliza kidogo, lakini mafuta yake yaliyokolea huchoma kinywa cha mtoto mdogo, nayo si ya kumeza.

Shavu likivimba pamoja na homa, jicho likaanza kufumba, mtoto akashindwa kufungua mdomo au kumeza, usilinganishe chochote. Ni hospitali, siku hiyohiyo.

Tuchukue watoto watatu

Wa kwanza ana miaka 3, magego manne yana mashimo madogo, haumwi, lakini akiona koti jeupe analia mpaka anatapika. Ningeanza na SDF, nimzoeshe kiti, kisha baada ya muda mashimo yazibwe kwa ART. Kumshika kwa nguvu watu watatu ili azibwe siku moja kunaokoa nauli, lakini ukimrudisha mwaka unaofuata vita vitakuwa vikubwa zaidi.

Wa pili ana miaka 5 na nusu, gego la mwisho la chini limetoboka ubavuni, linauma akila kitamu tu. Hapa kofia ya chuma inashinda zote. Isipopatikana, lizibwe huku ukijua huenda ukarudi. Kung'oa kungekuwa chaguo baya kuliko yote, maana gego la miaka 6 liko njiani na ndilo lingesogelea pengo hilo.

Wa tatu ana miaka 10, gego la kwanza la juu limeoza, lina kijipu, limeanza kucheza. Ling'olewe, na fedha ya kishika nafasi ibaki mfukoni, kwa kuwa mrithi wake kwa kawaida yuko karibu kutoka.

Yaliyobaki kinywani

Tiba yoyote utakayochagua, shimo linalofuata linatoka kwenye kikombe na mswaki. Kwa sukari, tazama mara ngapi kwa siku kuliko kiasi gani. Ubuyu wa sukari na rangi unaomung'unywa kutwa nzima ni mbaya kuliko soda iliyonywewa mara moja na chakula. Baada ya mswaki wa usiku ni maji tu, chai ya maziwa iishe kabla.

Watu hubishana sana kuhusu mswaki wa plastiki na mswaki wa mti. Kwa maoni yangu mabishano hayo yamepewa nafasi kubwa kupita uzito wake. Wa mti husafisha vizuri kwa anayejua kuutumia, ila mtoto mdogo huufikisha kwa shida kwenye magego ya nyuma, nao haubebi dawa. Ubishi wenye maana uko kwenye dawa ya meno. Soma tyubu, chagua yenye floraidi isiyopungua ppm 1,000. Zipo "za watoto" zenye picha za katuni na ladha ya matunda zisizo na floraidi kabisa, na zipo za familia nzima, za bei ya chini, zenye kiwango kinachofaa. Chini ya miaka 3 paka kama punje ya mchele, kuanzia miaka 3 hadi 6 kama punje ya njegere, ateme bila kusukutua kwa maji mengi. Umpigie mswaki wewe mpaka afike miaka 7 au 8. Kwa wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi, muulizeni daktari wa hapohapo kuhusu kiwango, na mhakikishe mtoto anatema.

Na mkiwa bado kwenye kiti, mtoto akiwa amefika miaka 6, mwombe daktari aangalie nyuma kabisa kama lile gego la ukubwani limeshatoka. Likiwa limetoka, linaweza kufunikwa mifereji yake kwa utando mwembamba wa kinga, bila sindano, kabla halijatoboka. Hilo halina mrithi.